Bastola Ikipata Mwenyewe Mpya: Namna ya Kuuza Silaha Yenye Cheti Ukiwa Mombasa

Miaka michache iliyopita ami yangu, mkazi wa Kizingo aliyekuwa na duka la kubadilisha fedha, aliamua kuiuza bastola yake, kwa kuwa duka alikuwa ameshalifunga na macho yalikuwa yameanza kumpa taabu. Mnunuzi hakuwa wa kutafutwa. Alikuwa kijana wa shemeji yake, mfanyabiashara mwenye heshima zake, na kwa hesabu ya ami jambo lilikuwa limekwisha. "Kwani mimi simjui? Nimempakata akiwa na siku saba," aliniambia barazani, kikombe cha kahawa mkononi. Kutoka jioni ile hadi siku silaha ilipotoka nyumbani mwake kwa njia ya halali ilipita miezi kadhaa, na mimi ndiye niliyemsindikiza kila alikokwenda. Mwongozo huu umetokana na safari zile, pamoja na maoni niliyoyasikia kwa wenye silaha wengine tuliokuwa tukikutana nao kwenye mabenchi ya kungojea.

La kwanza kulielewa ni kwamba, kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, cheti humfungamanisha mtu mmoja na silaha maalumu. Unapouza gari unaweza kumkabidhi mnunuzi ufunguo leo mkamalizia karatasi wiki ijayo. Kwa silaha mpangilio huo ni kosa la jinai. Mnunuzi hutangulia kupata idhini ya kuipokea silaha hiyo, na ndipo silaha ihame. Haijalishi kwamba mnauziana wawili tu, nyumbani, bila dalali wala duka, na haijalishi kwamba ni ndugu. Hata kumpa mtu asiye na cheti akaijaribu shambani kwa siku moja ni kumtia hatiani, na wewe pamoja naye. Vivyo hivyo silaha ya marehemu: mrithi hurithi nyumba na shamba, lakini cheti hakirithiwi, na familia inapaswa kuwajulisha polisi mapema badala ya kuiacha bunduki kabatini hadi arubaini ipite.

Basi anza na mnunuzi. Muulize anaitakia nini, na umsikilize hadi mwisho, kwa sababu swali hilohilo ataulizwa na wakubwa zaidi yako. Sheria inamtaka mtoaji wa leseni aridhike kwamba mwombaji ana sababu ya maana ya kumiliki silaha, na kwamba akiwa nayo hatahatarisha usalama wa watu; wenye akili isiyo timamu na walevi wametajwa waziwazi kuwa hawafai. Ukisikia jibu la "basi tu, siku hizi mambo yamechafuka", mwambie akafikirie upya. Anayesafirisha fedha taslimu, au aliyekwisha kutishwa na akaripoti, ana la kueleza.

Kisha mwache akashughulikie cheti cha mwenendo mwema, ambacho hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai baada ya alama za vidole kulinganishwa na kumbukumbu zake. Maombi hufanywa kwenye eCitizen, na alama za vidole kwa hapa mjini zinaweza kuchukuliwa katika Kituo cha Huduma kilichoko jengo la posta, Barabara ya Digo. Wahi asubuhi. Usikubali kuoneshwa picha ya cheti kwenye simu. Kitake chenyewe, ukilinganishe na kitambulisho cha taifa jina kwa jina, nambari kwa nambari. Maombi ya silaha yenyewe huanzia polisi, na uamuzi wa mwisho ni wa Bodi ya Leseni za Silaha. Hapo hapana njia ya mkato, na mtu atakayekuambia anaijua moja, muage kwa adabu.

Ni katika kungoja huko ndiko nilikosikia maoni, na nayataja kwa kuwa yanasaidia kujua utakachokutana nacho. Sikumsikia mwenye silaha hata mmoja aliyesema mnunuzi asichunguzwe. Manung'uniko yao yalikuwa ya namna nyingine. Mzee mmoja mwenye shamba upande wa bara alilalamika kwamba anayenunua kwa uficho hangoji hata saa moja, ilhali yeye aliyejitokeza mchana kweupe anaambiwa rudi kesho. Mwingine alihofu kwamba kila karatasi yenye jina na anwani yake inapopita mikono mingi, ndivyo wezi wanavyoweza kujua nyumba yenye silaha. Hofu hiyo naiona ya haki. Ndiyo maana nakushauri usitangaze uuzaji wako kwenye makundi ya simu, na usimweleze mtu asiyehusika kwamba sefu lako lina nini.

Wengi bado wanakumbuka Desemba 2018, wakati waziri wa usalama wa ndani wa siku hizo, Fred Matiang'i, alipoamuru raia wote wenye silaha wapigwe msasa upya ndani ya siku 90. Walioona wameshapekuliwa mara ya kwanza waliudhika. Hata hivyo mtu aliyekuwa mtulivu alipopewa cheti huenda leo amebadilika, na cheti cha zamani hakiwezi kuyasema hayo.

Watu hupenda kutaja Marekani katika mazungumzo haya, mara nyingi kwa makosa, kwa hiyo ni vyema kuliweka sawa. Kule sheria ya Brady ya mwaka 1993 iliwalazimu wauzaji wenye leseni kumchunguza mnunuzi, na mfumo wa taifa wa kufanya hivyo ulianza kazi mwaka 1998. Lakini mtu binafsi anayemuuzia mwenzake wa jimbo lilelile halazimiki kwa sheria ya taifa, isipokuwa pale ambapo sheria ya jimbo imelazimisha. Mwaka 2013 jaribio la kuliziba pengo hilo lilipata kura 54 katika Seneti, zikapungua 6 kufikia 60 zilizohitajika. Hapa kwetu wengi hudhani kwamba wenye bunduki wa kule wote wanapinga. Uchunguzi wa Pew Research Center wa mwaka 2017 ulionesha kuwa asilimia 77 ya wenye bunduki waliunga mkono wanunuzi wa mtu kwa mtu kuchunguzwa. Wanaopinga huhofia zaidi kwamba hatua hiyo itazaa daftari la serikali la wenye silaha wote. Katika Kenya hoja hiyo haina pa kusimama, kwa sababu daftari tunalo tayari, na Katiba ya 2010 haikumpa raia haki ya kumiliki bunduki.

Nirudi kwa mnunuzi wako, kwa kuwa hapa ndipo naona watu wengi wanapokosea. Wapo wanaosema "namjua" na kuona polisi wanawapotezea wakati, na wapo wanaosema "polisi watajua wenyewe" na kunyamaza. Daftari la polisi huonesha kesi ambayo mtu hakuwahi kukusimulia, hata kama mlikua mtaa mmoja. Wewe nawe unajua yasiyoandikwa popote: kwamba ameachana na mkewe kwa vita juzi tu, kwamba amezama katika madeni, kwamba akikasirika huvunja vyombo. Ami alipoambiwa aeleze anavyomfahamu kijana, alitaka kusema sifa tupu. Nilimnong'oneza ataje pia ugomvi wa duka wa mwaka uliotangulia, akautaja, na haukuwa kizuizi. Ukiona dalili mbaya, una haki ya kukataa kuuza hata baada ya Bodi kuridhia.

Wakati karatasi zinasubiriwa, silaha ibaki katika sefu lako, au ikabidhiwe polisi au muuzaji aliyesajiliwa, nawe upewe stakabadhi. Ikiwa mnunuzi ametanguliza fedha, andikeni kwamba atarudishiwa zote iwapo atakataliwa, la sivyo undugu utaishia hapo.

Itazame pia silaha yenyewe. Hakikisha haina risasi, itie chini ya taa, na usome nambari iliyochongwa kwenye chuma ukiwa na cheti chako kando. Sisi tuliketi mezani na kitambaa chenye mafuta tukisugua polepole, maana hewa ya chumvi ya Mombasa ilikuwa imeweka kutu juu ya tarakimu mbili, na ile ambayo ami kwa miaka yote aliisoma 3 ilijitokeza kuwa 8. Cheti kiliandikwa sahihi. Aliyekosea ni yeye, katika fomu aliyokuwa ameshaijaza. Tuliijaza upya. Kosa hilo lingegunduliwa mbele ya afisa, mzee angeonekana anauza silaha asiyoimiliki.

Siku ya kukabidhi, fanyeni mbele ya afisa husika au kwa muuzaji aliyesajiliwa, mchana, kila mmoja akiwa na cheti chake. Usiondoke mpaka cheti chako kimerekebishwa kuonesha kwamba silaha ile si yako tena, na uweke nakala ya kila karatasi mahali pa kuonekana na watoto wako wakubwa.

Mwisho kuna risasi, nazo huhesabiwa katika cheti kama silaha yenyewe. Wiki mbili baada ya ami kuuza, shangazi alikuwa akipanga kabati akakuta kopo la kahawa lenye risasi tano zilizofungwa kwa leso kuukuu. Mzee alikuwa amezisahau, na sasa hakuwa na cheti cha kuwa nazo. Alitaka kuzitupa baharini. Tulimpigia afisa kwanza tukamweleza, kisha tukazipeleka kituoni asubuhi ileile, kopo kama lilivyokutwa, zikahesabiwa mezani na tukaandikiwa stakabadhi ya risasi tano.