Mambo ya kuzingatia kabla ya kumtafutia mwanao tuisheni ya mtihani wa AP wa historia ya Marekani

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani hukutana na mtihani wa AP (Advanced Placement, yaani kozi za kiwango cha chuo zinazosomwa sekondari) wa historia ya Marekani pale mtoto anapofika darasa la kumi na moja, na jambo la kwanza linalomjia mzazi akilini ni kumtafutia mwalimu anayeijua historia hiyo kwa kina. Mwalimu wa namna hiyo anahitajika kweli, ila mtihani huu hauulizi sana nani alifanya nini mwaka gani. Unamtaka mwanafunzi asome maandishi ya watu wa zamani, atambue waliyaandika kwa nani na kwa sababu gani, kisha ajenge hoja yake kwa maandishi huku saa ikimkimbiza. Kwa hiyo kabla ya kukubaliana bei na mtu yeyote, mzazi ajiridhishe kwanza juu ya swali moja: je, mwalimu huyu atayasoma maandishi ya mwanangu na kuyasahihisha mara kwa mara, au atamhadithia tu historia?

Sababu ya kulitanguliza swali hilo inaonekana katika mgawanyo wa alama. Mtihani huchukua saa 3 na dakika 15. Maswali 55 ya kuchagua jibu hufanywa kwa dakika 55 na hubeba asilimia 40. Yanafuata maswali matatu ya majibu mafupi, dakika 40, asilimia 20. Baada ya hapo ipo insha ya nyaraka, ambayo humpa mwanafunzi nyaraka saba na saa nzima, dakika 15 kati ya hizo zikiwa zimependekezwa kwa kusoma, nayo hubeba asilimia 25. Na mwisho insha ndefu ya dakika 40 yenye asilimia 15. Ukijumlisha, asilimia 60 ya alama zote hutokana na maandishi ya mwanafunzi mwenyewe. Hata yale maswali ya kuchagua huja kwa mafungu yanayotegemea kifungu cha maandishi, picha, ramani au jedwali, kwa hiyo aliyekariri bila kujifunza kusoma vyanzo hukwama huko pia. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo mtoto asiache swali lolote wazi.

Jambo la kufanya kabla ya kipindi cha kwanza cha tuisheni ni kupata insha moja ya nyaraka ambayo mtoto ameiandika peke yake, kwa muda uliowekwa, bila msaada wa mtu wala wa programu ya akili mnemba. College Board, taasisi inayoandaa mtihani, huweka wazi kwenye tovuti yake maswali ya insha ya miaka iliyopita pamoja na miongozo ya usahihishaji na mifano ya majibu ya wanafunzi yenye alama walizopewa. Hazina hiyo ni ya bure, na kwa maoni yangu inafaa kuliko vitabu vingi vya mazoezi vinavyouzwa. Chukua swali moja la insha ya nyaraka, mpe mtoto saa yake, halafu mpelekee insha hiyo mwalimu unayemfikiria na umwombe aeleze alama zimepotea wapi. Mwalimu anayeifahamu kazi hii hatasema tu kwamba Kiingereza kirekebishwe. Ataipitia insha kwa kufuata alama zake saba: moja ya hoja kuu, moja ya muktadha, mbili za kutumia nyaraka, moja ya ushahidi ulio nje ya nyaraka, moja ya kuchambua chanzo cha nyaraka, na moja ya kuonyesha kwamba mwanafunzi ameliona suala kwa upana na ugumu wake.

Hoja kuu ndipo wengi wanapoanza kuteleza. Tuseme swali linamtaka mwanafunzi apime ni kwa kiasi gani kipindi cha Ujenzi Mpya, yaani miaka iliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe hadi 1877, kilibadilisha maisha ya Wamarekani weusi. Mwanafunzi mmoja anaandika kwamba kipindi hicho kiliyabadilisha maisha yao kwa njia nyingi, nzuri na mbaya. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi na haina uongo, lakini haipati alama, kwa sababu haijasema lolote linaloweza kubishaniwa. Mwingine anaandika kwamba ingawa marekebisho ya Katiba ya mwaka 1865, 1868 na 1870 yalikomesha utumwa, yakatoa uraia na kukataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake, mabadiliko hayo hayakugusa umiliki wa ardhi, na kwa hiyo wengi wa waliokuwa watumwa walirudi kulima mashamba ya wenye ardhi wale wale kwa mtindo wa kugawana mazao, huku madeni yakiwafunga mwaka hadi mwaka. Huyu wa pili ameweka hoja, na mpangilio wa insha yake umekwisha kuonekana: aya moja juu ya haki za kisheria, nyingine juu ya ardhi na madeni. Akimtaja Hiram Revels, aliyeingia Seneti mwaka 1870 akiwa seneta wa kwanza mweusi, na akaonyesha jinsi habari hiyo inavyoipa nguvu hoja yake, amepata pia ushahidi wa nje ya nyaraka. Kutaja jina peke yake hakutoshi.

Alama ya kuchambua chanzo ni ngumu zaidi, na hapo ndipo mwalimu mzuri hustahili malipo yake. Chukua hotuba ya Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri, ya tarehe 5 Julai 1852 mjini Rochester. Mwanafunzi huandika kwamba Douglass aliwahi kuwa mtumwa, kwa hiyo aliuchukia utumwa. Ni kweli, lakini msahihishaji hapati la kupima hapo. Mwalimu amuulize mtoto: Douglass alikuwa akizungumza na nani? Alikuwa amealikwa na chama cha wanawake wanaopinga utumwa, katika jimbo la New York ambako utumwa ulikuwa umekomeshwa tangu 1827. Alizungumza miaka miwili baada ya sheria ya 1850 iliyowalazimisha hata watu wa majimbo huru kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka. Basi anapowaambia wasikilizaji wake kwamba sikukuu ya uhuru ya tarehe 4 Julai ni yao wala si yake, hawalengi wamiliki wa watumwa wa Kusini peke yao. Anawaonyesha watu wa Kaskazini kwamba na wao wamo katika dhuluma hiyo. Mwanafunzi akiyaweka hayo katika sentensi mbili na kuyaunganisha na hoja ya insha, alama imepatikana. Mwongozo unamtaka afanye hivyo kwa nyaraka mbili tu, na ni vizuri azichague mapema wakati wa kusoma badala ya kujilazimisha kuzichambua zote saba.

Katika kuzungumza na mwalimu, uliza waziwazi kama bei yake inajumuisha kusoma insha kati ya kipindi kimoja na kingine. Wengine hutoza saa ya mazungumzo tu, na insha ikiletwa huisoma mbele ya mtoto kwa haraka, nusu ya muda uliolipiwa ikiishia hapo. Ni afadhali mzazi alipie saa moja kwa juma yenye insha iliyosahihishwa kwa makini kuliko saa tatu za kusimuliwa. Kubalianeni pia kwamba mwalimu hataandika wala kutengeneza upya kazi za darasani za mtoto. Atakayemwandikia leo hatakuwa naye katika chumba cha mtihani mwezi wa Mei, na shuleni jambo hilo huadhibiwa. Kama masomo ni ya mtandaoni, yafanyike sebuleni au mahali ambapo mtu mzima wa nyumbani anapita.

Omba uone mpango wa majuma. Mtaala umegawanywa katika vipindi tisa, kuanzia 1491 hadi siku zetu, lakini havina uzito sawa: cha kwanza na cha mwisho hubeba kati ya asilimia 4 na 6 kila kimoja, cha pili asilimia 6 hadi 8, na vile sita vya katikati, kuanzia 1754 hadi 1980, asilimia 10 hadi 17 kila kimoja. Insha ya nyaraka nayo hutoka ndani ya miaka hiyo ya 1754 hadi 1980. Mwalimu anayeanza na safari ya Columbus mwezi wa Oktoba na kwenda hatua kwa hatua mara nyingi hufika mwezi wa Aprili akiwa bado kwenye Vita vya Pili vya Dunia, na harakati za haki za raia zinabaki kupitiwa kwa usiku mmoja.

Mtoto aliyekuja Marekani akiwa mkubwa ana pengo ambalo wenzake hawana. Wao walikwisha kusikia habari za Jamestown, koloni la kwanza la kudumu la Waingereza huko, za kodi ya stempu ambayo Uingereza iliwatoza wakoloni mwaka 1765 na za mkutano wa Katiba wa 1787 tangu shule ya msingi, ilhali yeye huenda anayasikia majina hayo kwa mara ya kwanza katika darasa linaloenda kwa kasi. Huyo anahitaji majuma machache ya kujenga msingi wakati wa likizo ya kiangazi, na mwalimu aambiwe hivyo mapema asije akadhani ni mvivu. Upande wa pili, anayo historia iliyo karibu naye. Sheria ya uhamiaji ya 1965, sheria ya wakimbizi ya 1980 na ile ya 1990 iliyoleta bahati nasibu ya viza zimo katika mtaala au zinafaa kuwa ushahidi wake, na huenda mojawapo ndiyo iliyoifikisha familia yake hapa.

Mzazi asiyeijua historia ya Marekani asijione hana kazi. Mwambie mwanao akueleze hoja ya insha yake kwa Kiswahili kabla hajaiandika kwa Kiingereza, halafu muulize ushahidi wake ni upi, na mtu anayempinga angesemaje. Akishindwa kukueleza wewe, ni dalili kwamba hoja yenyewe bado haijakomaa, na mwalimu apewe taarifa hiyo.

Mambo ya utaratibu yasisahaulike. Kuusoma mtaala darasani hakumaanishi kwamba mtoto amesajiliwa kwa mtihani. Usajili hupitia kwa mratibu wa AP wa shule, na kwa kozi za mwaka mzima kwa kawaida hufungwa mwezi wa Novemba, baada ya hapo kuna ada ya nyongeza. Familia yenye kipato kidogo iulize juu ya punguzo la ada. Mtoto anayehitaji muda wa ziada kwa sababu ya ulemavu huombewa kibali, na maombi hayo huchukua majuma. Vyuo navyo hutofautiana: vingine hutoa krediti, yaani huihesabu kozi hiyo kama imesomwa chuoni, kwa alama 3 kati ya 5, vingine hudai 4 au 5, kwa hiyo tazama masharti ya chuo anachokitaka kabla ya kuweka lengo na mwalimu.

Tangu 2025 mtihani hufanywa kwenye kompyuta kwa programu ya Bluebook, ambayo huwekwa na kujaribiwa kabla ya siku yenyewe. Mtoto anayeandika vizuri kwa kalamu lakini anadonoa kibodi kwa vidole viwili atakosa muda wa insha ya pili, hivyo mazoezi ya kuchapa yaanze pamoja na tuisheni. Mwezi wa Aprili tengeni Jumamosi moja, simu iwe mbali na wadogo zake wawe nje, afanye mtihani mzima kwa saa 3 na dakika 15 bila kukatizwa, na insha zote mbili zimfikie mwalimu siku hiyo hiyo.