Somo: Kujiandaa na Upasuaji wa Valvu ya Moyo, na Kujitunza Baada ya Kurudi Nyumbani

Nimeamua kuandika somo hili mara moja na kwa ukamilifu, kwa sababu maswali ninayoulizwa yanafanana, na majibu yangu ya vipande vipande yameanza kuwachanganya watu. Valvu ni mlango mdogo wa moyo unaoiruhusu damu kupita upande mmoja tu, nami ninaishi na valvu ya bandia ya mitrali, yaani ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo mgonjwa na ndugu zake wanapaswa kuyajua ili wafike kwa daktari wakiwa na maswali sahihi. Wengi huiogopa siku ya upasuaji peke yake, ilhali hatari nyingi zinazoweza kuzuilika huja baada ya kuruhusiwa, wakati hakuna tena muuguzi kando ya kitanda.

Hatua ya kwanza: ijue valvu yako. Moyo una valvu nne, na zinazofanyiwa upasuaji mara nyingi zaidi ni ya mitrali na ya aorta (mlango wa kuingilia mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni), zilizo upande wa kushoto wenye msukumo mkubwa wa damu. Uliza kama yako itarekebishwa au itabadilishwa, kwa maana valvu ya mitrali inayoweza kurekebishwa vizuri kwa kawaida ni afadhali ibaki. Ikibidi kubadilishwa, kuna aina mbili. Valvu ya mitambo, ambayo visahani vyake hutengenezwa kwa kaboni ngumu, yaweza kudumu maisha yote, ila nawe utatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote. Valvu ya tishu, inayotokana na ng'ombe au nguruwe, kwa kawaida haihitaji warfarini zaidi ya miezi michache, lakini huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15 au zaidi, na kwa vijana huchakaa mapema. Umri na mpango wa kupata watoto huzingatiwa, lakini lipo swali ambalo wagonjwa wengi hawaulizwi: je, utaweza kupimwa damu mara kwa mara kwa miaka yote ijayo? Lijibu kwa ukweli kabla ya kutia saini.

Hatua ya pili: meno. Bakteria wa kinywani huingia kwenye damu na kujishikiza kwenye valvu mpya, kwa hiyo meno mabovu yang'olewe au yazibwe mapema, fizi zipone kabla ya upasuaji.

Hatua ya tatu: kamilisha vipimo vya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), umeme wa moyo, picha ya kifua, figo na kundi la damu.

Hatua ya nne: dawa. Peleka vidonge vyenyewe, si majina uliyoyakariri, na mwoneshe pia daktari dawa za mitishamba. Warfarini kwa kawaida husimamishwa takribani siku 5 kabla ya upasuaji, lakini anayeisimamisha ni daktari.

Hatua ya tano: acha sigara wiki kadhaa kabla, na ujifunze mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu.

Hatua ya sita: siku yenyewe. Katika upasuaji wa kufungua kifua, mfupa wa kidari hukatwa, na mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu wakati daktari akishughulikia valvu. Utazinduka ukiwa na mrija kooni na hutaweza kusema, kwa hiyo wewe na ndugu zako mkubaliane mapema ishara za mkono za "ndiyo", "hapana" na "ninaumwa". Ndugu waelezwe pia kuhusu mirija ya kutoa damu kifuani, ili wasishtuke. Mapigo ya moyo kwenda bila mpangilio katika siku za mwanzo ni jambo la kawaida, na hutibiwa.

Hatua ya saba: kidari. Mfupa hufungwa kwa waya, nao huhitaji takribani wiki 6 hadi 12 kuunga. Usinyanyue kitu kinachozidi kilo 4 au 5, usisukume mlango mzito, na ukikohoa kumbatia mto kifuani. Ukitaka kuamka, geuka ubavu, shusha miguu, kisha inuka. Usijivute kwa mikono. Ukisikia mfupa unacheza, au mshono ukitoa usaha, rudi hospitali. Jipime uzito kila asubuhi, na ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili au tatu, toa taarifa, kwani huenda ni maji yanayojikusanya mwilini.

Hatua ya nane: warfarini. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu hatua hii ndiyo iliyonirudisha wodini. Kipimo cha INR huonesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa valvu ya mitambo ya aorta, kiwango kinacholengwa mara nyingi ni 2 hadi 3, na kwa ile ya mitrali ni 2.5 hadi 3.5; daktari wako atakuandikia chako. Kikishuka, damu inaweza kuganda kwenye valvu na kuizuia isifunguke, au bonge likaenda kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Kikipanda mno, unatoka damu. Mimi niliandikiwa metronidazo, dawa ya kuua vijidudu, kwa ajili ya tumbo, mahali ambapo hakuna aliyeniuliza ninatumia dawa gani, nami nikaimeza bila kupima. Dalili zilianza kidogo kidogo: mswaki wenye damu kila asubuhi, michubuko mapajani nisiyojua imetoka wapi, kisha mkojo mwekundu. Metronidazo, kotrimoksazo na flukonazo hupandisha INR, ilhali rifampisini huishusha sana. Kwa hiyo kila unapopewa dawa, hata ya siku tano, sema kwanza, "Nina valvu ya bandia na ninatumia warfarini." Dawa ikianza, upimwe INR ndani ya siku chache, kisha upimwe tena dawa ikiisha. Kwa maumivu, uliza kuhusu parasetamo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usizitumie ila kwa amri ya daktari wako wa moyo. Mboga za majani huna haja ya kuziacha. Kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa sababu kinachovuruga kipimo ni kubadilisha ghafla.

Hatua ya tisa: homa. Mwenye valvu ya bandia akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi isiyo na sababu ya wazi, asikimbilie antibayotiki. Aombe kwanza damu itolewe na ioteshwe maabara, kwa kuwa dozi chache tu za antibayotiki zinaweza kuwaficha bakteria walio kwenye valvu huku wakiendelea kuiharibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Haraka77: Sijasoma yote. INR yangu ni 1.6 na valvu ni ya mitambo. Nimeze vidonge viwili leo?

Jibu: Usijipangie dozi. Wapigie kliniki leo hii, si kesho, kwa sababu kiwango hicho ni cha chini kwa valvu yako. Kisha usome hatua ya nane.

Msomaji Mdadisi: Ahsante sana kwa somo. Kuna dawa mpya za kuzuia damu kuganda ambazo hazihitaji kupima INR. Kwa nini wenye valvu za mitambo hawapewi?

Jibu: Swali zuri sana, ndugu. Zilijaribiwa. Utafiti wa dabigatrani, mojawapo ya dawa hizo, kwa wenye valvu za mitambo ulisimamishwa mwaka 2012, kwa kuwa waliopewa dawa hiyo walipata mabonge ya damu na pia walitokwa damu zaidi kuliko waliotumia warfarini. Apiksabani nayo ilijaribiwa kwa wenye valvu ya mitambo ya aorta, na jaribio likakatizwa mwaka 2022. Maelezo yanayotolewa ni kwamba sehemu ya bandia inayogusana na damu huamsha mfumo wa kuganda kwa nguvu. Warfarini hupunguza viini (protini za kugandisha damu) kadhaa vya mfumo huo kwa pamoja, ilhali kila moja ya dawa hizo mpya hulenga kimoja tu. Anayekushauri ubadilishe kwa sababu "ni ya kisasa" muulize kama anajua una valvu ya aina gani.

Mkongwe: Unawatisha watu bure. Mimi nachoma diklofenaki kila mgongo ukiuma na sijapata lolote.

Jibu: Kutopata lolote hadi leo hakuondoi hatari. Diklofenaki huumiza utando wa tumbo, na warfarini huifanya damu ichelewe kuganda. Sindano ya msuli nayo inaweza kuvujisha damu ndani ya nyama. Hayo sikuyatunga mimi, na sitayaondoa kwenye somo.

Mama Mlezi: Binti yangu alipata homa ya baridi yabisi utotoni, sasa amewekewa valvu. Zile sindano za penisilini za kila mwezi tuziache?

Jibu: Hapana, dada, msiziache mpaka daktari aseme. Valvu moja imebadilishwa, lakini nyingine bado ni zake, na homa hiyo, ambayo sindano hizo huizuia, ikirudi itazishambulia. Kama anatumia warfarini, mchomaji aambiwe, INR iwe ndani ya kiwango, na mahali palipochomwa pakandamizwe vizuri. Naongeza jambo ambalo hukuuliza: akifikia umri wa kutaka mtoto, amwone daktari kabla ya kushika mimba. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, lakini kuiacha kiholela kunaweza kumuua mama.

Mama Mlezi: Nimekuelewa, ahsante. Usiku nasikia kifua chake kikigonga kama saa ya ukutani. Ni kawaida?

Jibu: Ndiyo, hivyo ni visahani vikifunga. Wengine hupata nafuu wakilala kwa ubavu mwingine. Uizoee sauti hiyo, kwa maana ikififia au kupotea ghafla, hasa akihema kwa shida, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri kliniki.

Fundi Redio: Nyongeza: piga picha kadi ya valvu, ile yenye jina na namba yake, uihifadhi kwenye simu. Niliulizwa aina yake kabla ya kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), na kadi nilikuwa nayo mbali.

Jibu: Nyongeza muhimu. Valvu nyingi za sasa hazizuii MRI, lakini mpimaji anahitaji jina na namba ya valvu ili ahakikishe. Nakala nyingine abaki nayo ndugu mmoja.