Kukuza kampuni ndogo ya filamu mkoani: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Mwanza

Mwongozo huu unamlenga mtu au kikundi ambacho tayari kina kamera, kompyuta ya kuhariria na nia ya kutengeneza filamu bila kuhamia Dar es Salaam. Nimefanya kazi hii Mwanza kwa muda wa kutosha kuona wenzangu wengi wakinunua kamera mpya kila mwaka na bado wakifunga ofisi, na nimeona wachache wenye vifaa vya kawaida wakiendelea kulipwa kwa filamu walizotengeneza zamani. Tofauti yao ni kwamba hawa wachache walibaki na haki za kazi zao.

Hatua ya 1: Sajili kampuni kabla ya kurekodi

BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, husajili jina la biashara na pia husajili kampuni, na wengi huchagua jina la biashara kwa kuwa ni nafuu na la haraka. Kwa studio ya picha linatosha. Kwa filamu ninashauri kampuni yenye ukomo wa hisa, kwa sababu kampuni ni mtu kisheria na inaweza kumiliki hakimiliki kwa jina lake yenyewe. Wabia watatu wakikosana baada ya miaka minne, filamu hubaki mali ya kampuni, na kila mmoja hudai hisa zake badala ya kukimbilia nakala iliyopo nyumbani kwa mhariri. Baada ya hapo fuata namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) na leseni ya biashara ya halmashauri.

Hatua ya 2: Tenganisha kazi za mkate na kazi za filamu

Harusi, send-off, matangazo ya maduka na video za miradi ya afya ndizo zitakazolipa kodi ya pango, wala hakuna aibu ndani yake. Fungua akaunti mbili za benki, kisha mkubaliane kwa maandishi ni sehemu gani ya kila malipo itakayoingia kwenye akaunti ya filamu kabla hamjagawana chochote. Fedha isiyotengwa siku ilipoingia huishia kwenye mafuta ya gari na vocha.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo wa namna hiyo utumieni kununulia kitu kinachoanza kuingiza fedha mwezi huohuo, kwa mfano seti ya taa ambazo mtawakodisha wapiga picha wa sherehe. Msiutumie kutengenezea filamu ya kwanza, kwa sababu marejesho huanza kudaiwa wakati filamu bado iko kwenye uhariri.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi za haki, moja baada ya nyingine

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Filamu yetu ya kwanza ndefu tuliuza masta, yaani nakala mama pamoja na haki zake, kwa msambazaji mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya enzi za CD na DVD, tukapokea fedha taslimu na kushukuru. Baadaye kituo cha televisheni kilipotuulizia filamu ileile, tuliusoma mkataba kwa makini kwa mara ya kwanza na kukuta tumetoa haki zote, katika njia zote za maonyesho, bila kikomo cha muda. Mimi mwenyewe niliwahi kuiona ikionyeshwa ndani ya basi nikisafiri kwenda Dar es Salaam. Abiria walicheka mahali tulipokusudia wacheke, na sikuwa na la kudai.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 huilinda kazi tangu inapotengenezwa, lakini mnunuzi makini hatosheki na neno lako. Atataka kuona hati zinazoonyesha kwamba kila kilichomo ndani ya filamu ni chako au umeruhusiwa kukitumia. Kwa hiyo mwandishi wa hadithi asaini kuihamishia kampuni haki za muswada, hata kama mwandishi huyo ni mdogo wako. Waigizaji wote wasaini, pamoja na yule mama aliyeonekana kwa sekunde tano akianika dagaa. Mwenye nyumba na mwenye mtumbwi watoe ruhusa ya maandishi. Muziki ndio mtego mkubwa, kwa sababu biti iliyopakuliwa mtandaoni au wimbo unaosikika redioni nyuma ya mazungumzo unaweza kuzuia mauzo ya filamu nzima. Mlipe mtunzi wa hapahapa mkoani, na mkataba utaje kwamba wimbo utatumika kwenye filamu, kwenye vionjo vyake na mtandaoni. Filamu ikikamilika, isajilini pia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, maana cheti husaidia panapotokea ubishi.

Hatua ya 4: Andika filamu ambayo mkoa wako unaiweza

Tuna ziwa, mawe, mialo ya samaki na visiwa, na mwandishi wa mkoani anayeandika hadithi ya jumba la kifahari na magari manne anajinyima utajiri alio nao. Ombeni kibali cha kurekodi kutoka Bodi ya Filamu mapema, mkamwone na afisa utamaduni wa halmashauri, na kama mtarusha droni, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni cha lazima. Filamu iliyokamilika nayo hurudi Bodi kukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa.

Rekodini kwa fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hazitapepesa kwenye picha. Mandhari ya nje pangeni kati ya Juni na Septemba, wakati mvua ni haba. Kwa upande wa Sengerema, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limetuondolea nusu siku ya kusubiri kivuko. Kwa Ukerewe bado ratiba yenu ni ratiba ya meli. Sauti ndiyo inayoziangusha filamu za mikoani kuliko picha: zimeni jenereta, na kila eneo rekodini dakika moja ya ukimya wake kwa ajili ya mhariri. Nakala ziwe tatu, na moja isilale kwenye jengo moja na nyingine.

Hatua ya 5: Uza leseni, usiuze masta

Leseni hutaja njia ya maonyesho, nchi, muda, na kama mnunuzi yuko peke yake au la. Televisheni ya kulipia inaweza kupewa Tanzania kwa miaka miwili, huku mtandao, Kenya, Kongo ya mashariki na Waswahili wa Oman wakibaki mikononi mwenu. Mnunuzi akisema anataka haki zote, mwulize atazitumia wapi. Mara nyingi atataja njia mbili tu, nanyi mwandikieni hizo mbili. Tamasha la Nchi za Jahazi, Zanzibar, ni mahali pazuri pa kukutana na wanunuzi, na nauli ya huko ni nafuu kuliko kamera mpya.

Hatua ya 6: Ongeza watu kwa mpangilio

Mtu wa kwanza wa kuajiri kwa mshahara si mpiga picha, maana wapiga picha hukodishwa kwa siku. Ajiri mtunza hesabu na mikataba, hata wa nusu siku. Kwetu ukuta wa ofisi una jedwali lenye jina la kila filamu, aliyepewa leseni na tarehe ya kuisha, na miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo yeye ndiye anayepiga simu kuuliza kama mkataba utahuishwa au tutafute mnunuzi mwingine.