Namna ya kuongoza jumuiya Januari, wakati kila mtu ana presha ya hela

Tuongee ukweli, Januari kwenye jumuiya, yaani kile kikundi cha waumini majirani tunaokutana kusali nyumba kwa nyumba, ni mwezi mgumu, Krismasi imeshapita na hela zake, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, kuna sare, madaftari, ada kwa wenye watoto english medium, na kuna wale waliokopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, Desemba wanaokwepa simu. Halafu zamu ya kuongoza inakuangukia wewe na somo lenyewe ni Mathayo 6, msisumbukie maisha yenu. Mimi iliwahi kunikuta, nikasoma vizuri kabisa habari za ndege wa angani, nikahubiri kama dakika ishirini, kumbe mama mmoja pale kwenye mkeka mtoto wake hajaenda shule siku ya tatu kwa sababu hana viatu. Nilikuja kuambiwa baadaye njiani. Niliona aibu sana. Kwa hiyo haya ninayoandika nimejifunza kwa kukosea.

Kwanza kabisa usianzie mstari wa 25 kama tulivyozoea, anzia wa 19, pale pa hazina na nondo (yule mdudu anayekula nguo) na kutu. Mstari wa 25 unaanza na "Kwa sababu hiyo", sasa sababu gani? Ni ule wa 24, hamwezi kumtumikia Mungu na mali. Ukiuruka huo somo linageuka kuwa pole pole jamani mambo yatakaa sawa, na Yesu hakuwa anatoa pole, alikuwa anauliza bosi wako ni nani.

Pili, na hapa ndio penyewe, waonyeshe watu lile neno dogo pale mwanzoni. Haijaandikwa usisumbuke, imeandikwa MSIsumbukie. Ni wingi. Kwenye Baba Yetu pia tunasema UTUPE leo riziki yetu, hatusemi unipe. Tunaisema kila Jumapili na hatuisikii. Yaani wasiwasi wa mmoja ni kazi ya wote, sio kila mtu aende kwake akapambane na imani yake mwenyewe chumbani halafu Jumamosi aje anatabasamu. Mkiwa na muda fungueni na Kutoka 16, ile mana, chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, waliokota nyingi hawakubakiwa na waliokota kidogo hawakupungukiwa, na waliolaza mpaka asubuhi ikaingia mabuu. Paulo anaichukua hiyo hiyo kwenye 2 Wakorintho 8 akiwa anawaomba Wakorintho mchango kwa ajili ya ndugu wa mbali, kwa hiyo sio mimi niliyeunganisha kumtumaini Mungu na kuchangiana.

Sasa kwenye kushirikishana. Usizungushe duara kwamba kila mtu lazima aseme, watu watadanganya tu, "mimi namshukuru Mungu", imeisha. Anza wewe na sema na kiasi, mfano mimi nadaiwa kodi laki tatu na tarehe 15 inakuja na usiku silali. Ukitaja namba wenzako wanapata ujasiri. Akisema mtu, usimjibu na mstari wa Biblia hapo hapo, na tafadhali sana usimwambie imani yake ndogo. Wala usimtabirie kwamba wiki hii anapokea gari. Muulize tu, unahitaji nini na lini. Tena msichanganye kutosumbuka na kukaa, ndege anaamka alfajiri kutafuta, hakuna anayeletewa punje kwenye kiota, isipokuwa kinda.

Yanayosemwa hapo yabaki hapo. Ombi la mtu lisiende kwenye grupu la WhatsApp na jina lake na deni lake, nimeona jumuiya imekufa kwa jambo hilo moja.

Kuhusu msaada wenyewe, kuweni na mfuko mdogo wa jumuiya mbali na bahasha za ahadi, zile za michango mtu aliyoahidi kanisani, watunzaji wawili, wanaandika kwenye daftari. Kila wiki mtu anatia alichonacho hata mia tano. Mkimsaidia mtu ni zawadi, sio mkopo, msije mkawa kausha damu ya kiroho. Kama ni sare nendeni mkanunue sare, kama ni kodi mtumieni mwenye nyumba, na apewe kimya kimya, bila picha, bila kusimamishwa mbele kushuhudia. Yakobo ameshasema, ukimwambia mwenye njaa nenda kwa amani ukashibe halafu usimpe kitu, yafaa nini? Na wale mnaosoma hadharani majina ya wasiomaliza ahadi, acheni bwana, mnafukuza watu walewale mnaotaka kuwafariji.

Halafu chakula. Jumuiya nyingi zimegeuka mashindano, huku pilau, kule soda na keki, matokeo yake asiye nacho zamu yake ikikaribia anasafiri ghafla. Wekeni sheria, ni maji tu au chai kavu kila nyumba, kwa tajiri na kwa aliyepanga chumba kimoja. Viti vikikosekana mkeka upo.

Na yule mwenye uwezo kwenye jumuiya, mara nyingi tunamkalisha kwenye sofa na kumfanya mgeni rasmi wa kila mchango. Yakobo 2 imeongea kuhusu mwenye pete ya dhahabu anayekalishwa mahali pazuri huku maskini akiambiwa asimame. Yeye naye ana wasiwasi wake, mzigo umekwama bandarini, ndugu wanampigia simu za hela tu, hana wa kumwambia. Muulize swali lile lile ulilomuuliza mwenzake, ikibidi mtume akapange viti.

Kama mnakutana saa kumi na mbili asubuhi basi saa moja mmalize, watu wana kazi. Wiki inayofuata kabla ya wimbo wa pili fungua daftari la maombi muulizane yamefikia wapi, na yule mama kama bado hajapata mnaomba tena, halafu mnamuuliza mtoto anavaa viatu namba ngapi.