Kurusha roketi ya maji kwa chupa ya soda

Tafuta chupa ya soda ya lita 1.5. Ya maji ya kunywa iache: plastiki yake nyembamba, haikutengenezwa kuhimili presha. Kizibo cha mvinyo kikate kibaki sentimita 2.5, kisha pitisha katikati sindano ile ya kujazia mpira wa miguu hadi ncha itokeze. Isipotokeza, utapiga pampu mpaka jasho likutoke na upepo hauingii. Kikiwa kinene, kipunguze kwa msasa; lazima kiingie mdomoni kwa kusokotwa. Kikilegea, roketi itaondoka mapema bila nguvu.

Mapezi matatu ya boksi, yaliyofunikwa selotepu yasilowe, yabandike yakipita mdomo ili chupa isimame kichwa chini.

Jaza maji theluthi moja, kama mililita 500. Watoto hupenda kuongeza, lakini maji yakizidi upepo hukosa nafasi, na roketi huishia usawa wa paa.

Chagua uwanja usio na nyaya za umeme. Sokota kizibo mdomoni, unganisha sindano na mpira (bomba) wa pampu, simamisha chupa kwa mapezi yake. Watazamaji wakae mita 10 nyuma, kisha piga pampu hadi iruke. Ikigoma kuruka, asiinamie mtu. Fungua mpira huo wa pampu upande wa pampu, presha ishuke kwanza. Mpiga pampu atalowa tu.