Kabla ya Kuomba Kusoma Sayansi ya Afya na Mazoezi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana wengi wa hapa Tanga wanaopenda michezo huanza kuulizia shahada ya sayansi ya afya na mazoezi, au zile za jirani yake kama elimu ya viungo, sayansi ya michezo na fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Kisukari na shinikizo la damu vimeingia katika kila mtaa, Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na anahitajika mtu mwenye elimu wa kumwongoza mgonjwa azifikie bila kuumia. Hata hivyo, yapo mambo ya kuyaweka sawa kabla hujatuma maombi.

Majina katika vyeti vyako yafanane herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, maana ukiomba mkopo wa masomo Bodi ya Mikopo itakidai. Maombi yajaze mwenyewe. Usimwachie kijana wa steshenari akuchagulie kozi.

Rudia fizikia, kemia na biolojia yako, kwa sababu winga hodari wa timu ya mtaa bado ataulizwa ni vipi moyo unaosukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika mtu akiwa amepumzika unaweza kuvuka lita 20 anapokimbia kwa nguvu. Ataulizwa pia kwa nini msuli wa mkono, ulioshikizwa kwenye mfupa sentimita chache tu kutoka kiwiko, hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wa ndoo iliyoshikwa, na jibu lake ni ile kanuni ya wenzo ambayo wengi huipita mbio wakiwa sekondari. Takwimu nazo zipo, wala hazikwepeki.

Jambo ninalokusihi usilipuuze ni kuuliza shahada hiyo itakuruhusu kufanya kazi gani. Kijana mmoja wa Chumbageni, mtoto wa jirani zetu, alikuwa akimpeleka bibi yake kliniki baada ya kiharusi, akimshika kiuno alipojifunza kusimama upya, na hapo ndipo alipoazimia kuwa mtaalamu wa kuwarudishia watu nguvu za viungo vyao. Aliona kozi yenye maneno “afya” na “mazoezi” katika jina lake, akaichagua, akasoma kwa bidii. Likizo ungemkuta uwanja wa Mkwakwani akiwapima wachezaji mapigo ya moyo, akibonyeza kifundo cha mkono kwa vidole viwili na kuwaeleza wadogo zake kwamba kidole gumba hakitumiki, kwa kuwa kina mapigo yake chenyewe yanayoweza kumchanganya mpimaji. Alipofika mwaka wa mwisho aliomba kufanya mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha fiziotherapia cha hospitali moja. Mkuu wa kitengo alimpokea kwa heshima, akaomba orodha ya masomo yake, akaipitia kwa kalamu mstari kwa mstari. Anatomia ilikuwepo, fiziolojia ilikuwepo, lishe ilikuwepo. Tiba ya wagonjwa wa kiharusi haikuwepo, wala saa za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Akaambiwa kwamba anaweza kutazama na kusaidia kuandika kumbukumbu, lakini kumtibu mgonjwa hawezi, wala shahada yake haitamfikisha kwenye usajili wa taaluma hiyo. Fiziotherapia ina shahada yake yenyewe, kama ile inayotolewa na chuo cha hospitali ya KCMC kule Moshi, na kuianza upya kulimaanisha miaka mingine ambayo wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kuilipia. Leo anaongoza mazoezi ya wazee na watu wazima, na anaifanya kazi hiyo vizuri sana, ila siyo aliyoiendea chuoni.

Kwa hiyo chukua mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kila mwaka, usome sifa za kujiunga hadi neno la mwisho, kisha upige simu idarani. Uliza wahitimu wao wanafanya kazi wapi, baraza gani linawasajili, na mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi chini ya nani. Shahada ya elimu ya viungo na sayansi za michezo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, iko upande wa ualimu, na ni kazi ya heshima kwa anayeitaka kazi hiyo. Usikubali jibu la “utajua mbele ya safari”.

Tenga fedha za nauli na malazi ya mafunzo kwa vitendo. Kapime afya yako, hasa kama una pumu au historia ya ugonjwa wa moyo katika familia, kwa sababu masomo ya vitendo yanaweza kukutaka ukimbie. Ukianza kuwapima wenzako, usiwakimbize saa saba mchana mwezi wa pili: jasho hupoza mwili linapokauka, na kwa unyevu wa pwani yetu linaweza kutiririka tu huku joto la mwili likizidi kupanda. Unga wa kukuza misuli usiojua umetengenezwa na nini usiuguse wala usimpendekezee mtu. Jirani mwenye presha akikuuliza kama aache vidonge kwa kuwa ameanza kutembea asubuhi, mpeleke kwa daktari wake, hata kama uko mwaka wa tatu na unadhani unalijua jibu.