SOMO: Namna ya kujiandaa na maswali ya baiolojia na baiokemia kwa wanaotaka PhD Marekani

Wakuu habari za jioni. Nimeulizwa sana kuhusu GRE (mitihani ya kuombea masomo ya juu Marekani), zile za somo moja moja, za baiolojia na baiokemia, nikaona niandike mara moja kila mtu asome.

Kabla hujatoa hela yako kwa mtu yeyote, jua hiyo mitihani haipo tena. Ule wa baiokemia, seli na molekuli ulitangulia kuondolewa, ule wa baiolojia ukafuata 2021, kwa hiyo anayekuuzia nafasi ya kuufanya leo anakuibia. Hata GRE ya jumla programu nyingi za PhD za baiolojia zimeacha kuidai. Ila pepa za mazoezi ETS, wale wanaotunga GRE, walikuwa wanazitoa bure na nakala bado zinazunguka mtandaoni, na mimi niliyefanya ule wa baiolojia kabla haujafutwa nakwambia sijaona kipimo kizuri kuliko hicho cha kukuonyesha kama ulielewa au ulikariri tu ukafaulu.

Hatua ya 1: Kaa na pepa nzima siku ya kwanza, kabla hujasoma chochote. Ya baiolojia ina maswali kama 190 kwa dakika 170, yaani hupati hata dakika moja kwa swali, na imegawanywa karibu sawa sehemu tatu: seli na molekuli, kiumbe kizima, halafu ikolojia na evolusheni. Ya baiokemia ni baiokemia 36%, seli 28%, molekuli na jenetiki 36%. Zima simu, funga madesa. Ukimaliza sahihisha, na pembeni ya kila kosa andika sababu: sikujua, au nilijua ila grafu ilinishinda. Mimi hiyo ya pili ndiyo ilijaa ukurasa mzima, na nilikuwa nimetoka chuo na GPA nzuri tu.

Hatua ya 2, na hapa ndipo penye kazi: chukua kitu kimoja unachokijua ukifuate mpaka mwisho. Sisi tumezoea kusoma topiki moja moja, jenetiki muhula huu, baiokemia muhula ule, tunazisahau kwa zamu. Mimi nilichukua sikoseli kwa sababu kila mtu kwetu ana ndugu au jirani mwenye nayo.

Anzia kwenye DNA. Kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja amino asidi moja) ya sita ya mnyororo wa beta wa himoglobini, GAG imekuwa GTG, amino asidi glutameti imetoka imeingia valini. Glutameti ina chaji hasi, valini haina. Sasa weka himoglobini ya kawaida (A) na ya sikoseli (S) kwenye jeli ya elektroforesisi, ambapo umeme unatenganisha protini kwa chaji, yenye pH ya juu, kama 8.6: zote zinakimbilia upande chanya ila ya S inabaki nyuma kwa sababu imepungukiwa chaji hasi. Mwenye AA (hana sikoseli) ana mstari mmoja mbele, mwenye SS (mgonjwa) ana mmoja nyuma, mwenye AS (mbebaji) anayo yote miwili. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha tofauti hiyo ya chaji 1949, na hiyo ni baiokemia tupu.

Panda juu kidogo. Alili (aina moja ya jeni) ya S ikiwa 0.1 kwenye jamii, kwa kanuni ya Hardy-Weinberg (p² + 2pq + q²) wabebaji ni 2 × 0.1 × 0.9, yaani 18%, na wagonjwa 1%. Jiulize, alili inayoua watoto inabakije nyingi hivyo? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha 1954 kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Hapo umeshaingia evolusheni na ikolojia ya mbu bila kubadilisha daftari! Fanya hivyo kwa insulini, fanya kwa usanisinuru, vitu vitano sita hivi vinatosha kukupitisha sehemu kubwa ya silabasi.

Zoezi: kuna himoglobini C, pale pale kwenye glutameti imeingia laisini. Kwenye ile jeli itakaa wapi? Nijibuni chini.

Hatua ya 3: Chora grafu kwa mkono. Kizuizi kinachogombania nafasi kwenye enzaimu na sabstreti (kile enzaimu inachokifanyia kazi) kinapandisha Km (kiasi cha sabstreti kinachoifikisha enzaimu nusu ya kasi yake ya juu), Vmax (hiyo kasi ya juu) inabaki vile vile, kwa sababu ukimwaga sabstreti nyingi kizuizi kinazidiwa. Ukiweza kumweleza mdogo wako wa kidato cha sita bila kuangalia karatasi, endelea mbele.

Hatua ya 4: Fanya pepa nyingine kwa kujipima muda baada ya wiki sita. Basi.

MASWALI

Swali: Mkuu, pepa za zamani zinakata alama ukikosea, nibahatishe au niache?
Jibu: Zilikuwa zinakata robo. Majibu ni matano, kwa hiyo ukiweza kufuta hata moja tu, bahatisha, hesabu iko upande wako.

Swali: Kaka chuoni kwetu PCR (ile ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) tuliiona kwenye picha tu, nitajibu nini wakinihoji?
Jibu: Dada yangu, sisi mashine ilikuwa moja na tulikuwa tunamwangalia mwalimu kwa mbali, kwa hiyo nakuelewa kabisa. Usiwadanganye kwamba umeifanya. Waeleze kwa nini primer (vipande vifupi vya DNA vya kuanzia kunakili) zinahitajika mbili, nini kitatokea ukisahau magnesiamu, na ukiona mstari kwenye tyubu usiyoiweka DNA utashuku nini. Mtu anayejua kwamba hapo kuna uchafuzi ameshaielewa PCR kuliko wengi walioibonyeza.

Swali: Maombi yanafungwa lini?
Jibu: Nyingi mwanzoni mwa Desemba, intavyuu Januari na Februari. Anza Juni. Ada ya maombi waandikie uombe msamaha, baadhi wanakubali.

Swali: Hiyo C mimi naiweka katikati ya A na S.
Jibu: Hapana mkuu, hesabu chaji tena. Valini imeondoa hasi moja. Laisini imeondoa hiyo hasi halafu ikaleta chanya yake.

Swali: Ahaa, kwa hiyo C inakuwa nyuma kabisa, hata S inaipita. Na mtu wa SC atakuwa na mistari miwili ila wa A hana?
Jibu: Ndiyo hiyo hiyo.